Somo la Kulala Chini

Mtu akikuambia Mama Émérance alikuwa mjinga, mlete kwangu Ndosho, hapa Goma, nimkalishe benchi ya mbele. Mimi ndiye niliyemfundisha Kiingereza miezi minne, na kati ya wanafunzi wangu kumi na mmoja hakuna aliyemzidi kichwa. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, muuza maharage pale Majengo, primaire, shule ya msingi, hakuimaliza. Lakini ukimpa neno leo, kesho anakurudishia likiwa limezaa mengine matatu.

Alikuja darasani na mkwewe Samy, motard wa kubeba abiria kwa pikipiki, kijana mrefu mwenye haya. Fabiola, binti wa Mama Émérance na mke wa huyo Samy, alikuwa ametangulia Kasese kule Uganda, kwa shangazi yake, na mimba ya miezi mitano. Vita ilikuwa inashuka kutoka Rutshuru, kila wiki kijiji kimoja. Hawa wawili walibaki kuuza vitu vya nyumba ili wamfuate, na Kasese Kifaransa hakikupatii hata chumvi. Ndiyo sababu ya Kiingereza. Siku binti yake anapanda basi, Mama Émérance alimwapia: bwana yako nitakuletea mimi mwenyewe, muzima. Alilirudia neno hilo darasani mpaka sote tukalijua kama sala.

Mimi Kamate sikusomea ualimu, nisikudanganye. Kiingereza nilikiokota Kasese hiyo hiyo, miaka sita nikibeba saruji kwa tajiri mmoja ambaye alisema neno kisha akakusukuma ulitende. Basi kwangu kitenzi kinasemwa kwa mwili. Ukisema umesimama, simama. Ukisema umekaa, kaa. Walimu wenye diplome wananicheka, na wanafunzi wao wakikutana na Mzungu kule Himbi wanatoa macho tu.

Mwezi wa pili tukafika kwenye down. Hicho ni kineno cha Waingereza, maana yake chini, na wanakifunga nyuma ya vitenzi vyao kama remorque nyuma ya lori. Sit down, kaa. Put down, weka chini. Write down, andika. Calm down, tuliza moyo. Kitabu changu kina mifano ya watu wanaokaa chini kunywa chai na magari yanayoharibika njiani. Nikaona mifano ya namna hiyo ni ya watu waliolala vizuri usiku. Nikawaambia, kila mtu alete wa kwake.

Nilijuta kabla hawajamaliza.

Bénita, fundi wa cherehani, alisimama akasema, they break down the door. Nikauliza akina nani. Akasema hawakujitaja. Waliangusha mlango, mlango ukamwangukia baba yake, wakaingia wakipita juu ya huo mlango, mmoja mmoja, watu saba na viatu vyao, na yeye chini ya kitanda akihesabu. Muzee Harelimana, mfugaji wa Masisi, akasema, they cut down my cows. Nikataka kumkosoa, nikamwambia muzee, hiyo tunasema kwa miti. Akanitazama. "Prof, wewe haukukuwa pale." Walikata miguu tu, panga kwenye kano, ng'ombe ishirini na mbili, kisha wakaenda zao wakaziacha zinalia mpaka asubuhi. Nikaandika ng'ombe ubaoni kama alivyotaka.

Mama Émérance akaja wa mwisho. They burn down my house in Kalengera. My husband not come out. Alieleza kwa Kiswahili kwamba nyumba waliichoma moto, kwamba Kasereka, mumewe, walimfungia mlango kwa nje na waya, na kwamba yeye na Fabiola walikuwa kwenye mahindi, mkono wake kwenye mdomo wa mtoto. Mtoto alimng'ata, kovu lipo. Kisha akaniuliza, "Prof, nimesema vizuri?" Kulikuwa na makosa mawili. Sikuwa na roho ya kuyagusa.

Baadaye ndipo tukafika lie down, kulala chini.

Kwetu bokilo, yaani mkwe, ni bokilo. Mkwe hakai kwenye kitanda cha mama wa mke wake, hali naye sahani moja, na kumuona amelala ni sawa na kumuona uchi. Mimi nilijua hayo. Hata hivyo nikapiga makofi, nikasema lie down, watu wote wakalala kwenye sakafu ya mbao, kifua chini, wanacheka. Mama Émérance akabaki amesimama ukutani, ameshika kitenge chake. Samy hakuambiwa na mtu. Aliinuka, akainamisha kichwa, akatoka nje akafunga mlango nyuma yake. Hapo ndipo mama akalala chini na kusema maneno yake vizuri kabisa. Nilipomaliza nikamwita Samy arudi.

Ikawa desturi ya darasa. Kila Jumatano tukifika kwenye kulala, Samy anatoka. Ningeweza kuwatenganisha siku, darasa ni langu, ufunguo ni wangu. Lakini jambo lile lilinipendeza. Niliwaambia wengine, tazameni kijana mwenye adabu, kazi yenu ninyi ni TikTok. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi huyo mjukuu ninaishi naye.

Jumatatu ile vita ilipofika mjini hatukuwa tunasoma kulala. Milio ya bunduki ilikuwa imeanza tangu asubuhi upande wa Mugunga, na wanafunzi walikuja kwa sababu nyumbani ni mbao na darasani ni mbao, afadhali ufe na watu. Samy na bokilo wake walikuwa waondoke Alhamisi. Mama alikuwa ameshauza hata sufuria. Saa tisa mchana risasi ya kwanza ikapiga bati. Ya pili ikapasua ukuta wa kushoto na kutokea wa kulia, ikaacha tundu mbili za mwanga.

"Lie down," nilipiga kelele. Sikufikiri, Kiingereza ndicho kilichotoka.

Walianguka pamoja kama magunia, kifua chini, mikono kichwani, jinsi nilivyowazoesha. Hakuna aliyeuliza maana. Samy alikuwa karibu na mlango, naye alilala. Nikainua jicho. Mama Émérance alikuwa amesimama.

"Mama, lala," nikamwambia, sasa kwa Kiswahili.

"Samy iko hapa," akasema, kwa sauti ile ile anayokuambia bei ya maharage.

"Samy, funga macho," Bénita akalia kutoka chini ya benchi. Samy akafumba macho, akaweka uso kwenye mbao. Mama yake mkwe bado amesimama. Nilimtukana. Ndiyo, mimi mwalimu nilimtukana mama wa watu, matusi ya Kasese, ya wabeba saruji. Hakuyasikia. Risasi nyingine ikaingia ikachukua kipande cha sikio lake, damu ikamwagika shingoni mpaka kwenye blauzi, na yeye akaweka mkono pale kama mtu anayefukuza inzi. Kila mlio miguu yake ilirudi nyuma, niliiona, ilikuwa mbele ya pua yangu. Alikuwa anaogopa kama sisi. Alishindwa tu kulala mbele ya kijana yule.

Samy alifungua macho, akaiona damu. Akainuka. Akainamisha kichwa vile vile, akafungua mlango, akatoka, akaufunga nyuma yake.

Mama Émérance akalala kabla komeo halijashika. Na hapo hapo risasi za bunduki kubwa zikapita ukutani, kwa urefu wa kifua cha mtu aliyesimama, mbao zikageuka chujio, vumbi na vipande vikatuangukia mgongoni. Ubao wangu wa kuandikia ulikatika katikati. Ndani hakuna aliyeguswa. Nje kitu kiligonga mlango mara moja, kizito, kikateleza.

Heshima si utumwa, wahenga walisema. Wahenga hawakuwa Ndosho siku ile.

Mama Émérance ndiye aliyetoka wa kwanza, kwa magoti na viwiko, mimi nyuma yake. Samy alikuwa juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano, amekaa nusu, mgongo kwenye mwimo wa mlango. Paja lilikuwa limevunjika mfupa uko nje, na tumbo lilikuwa wazi. Alikuwa anajaribu kurudisha vitu ndani kwa mkono mmoja. Mama Émérance akavua kitenge, akakikunja, akakisukuma tumboni, akakiegemea kwa uzito wake wote, amebaki na jupon tu, sketi ya ndani, na damu ya sikio inamdondokea kijana kifuani.

"Mama, jifunike," Samy akasema.

Na akageuza uso. Nilimshika kichwa nikajaribu kumrudisha amtazame mtu anayempigania, hakukubali, shingo yake ilikuwa ngumu. Aliweka shavu kwenye jiwe. Watu wenye silaha walipita mbio, mmoja akamkanyaga Samy vidole, akasimama, akatuuliza njia ya kuelekea ziwani. Nilimwonyesha. Akasema asante. Hospitali ilikuwa mbali na barabara ilikuwa imejaa watu waliolala ambao hawangeinuka tena. Samy alichukua dakika ishirini hivi kufa, uso bado upande ule.

Kumpeleka makaburini haikuwezekana. Tulimchimbia nyuma ya darasa, na kuchimba Goma si kuchimba, ni kuvunja. Siku mbili, mimi, Harelimana na Mama Émérance na nyundo moja. Mara tatu tulimwambia apumzike. Mikono yake ilivimba ikatoka damu, sikio limefungwa kwa kipande cha pazia. Hakulia. Nilitamani alie, nilitamani anipige, maana neno la kulala chini lilitoka kinywani mwangu mimi. Alisema tu, "Leta jiwe lile, Prof."

Siku ya nne réseau ya simu ikarudi. Simu ya Mama Émérance ilikuwa mezani kwangu ikichajiwa kwenye betri ya gari, ikaita. Fabiola. Mama hakuweza kuikunjia vidole, nikaweka sauti ya juu.

"Mama, Samy hanijibu tangu Jumatatu. Ulisema utaniletea."

Mama Émérance hakuzunguka. Alimwambia amekufa, na kwamba amezikwa, na wapi. Fabiola hakulia kwanza. Aliuliza kama askari wa mpakani: saa ngapi, wapi, ndani mulikuwa wangapi, wengine wamekufa wangapi. Akaambiwa hakuna.

"Kama wa ndani muko wazima wote, yeye alitafuta nini inje?"

Nilifungua mdomo nijibu mimi. Mama akanisukuma kwa kiwiko.

"Alitoka ili mimi nipate kulala chini," akasema.

Upande wa Kasese nilisikia sufuria, mtu anakoroga kitu, na mwanamke mwingine akiuliza kuna nini.

"Na ulilala?"

"Nililala, mwanangu."

Fabiola akakata simu.