Mwanangu Alistaafu Akiwa Darasa la Kwanza

Jumatatu asubuhi mwanangu wa miaka saba na miezi minane alivua sare ya shule, akaikunja vizuri, akaniwekea mezani.

“Mama, mimi nimestaafu.”

Nilikuwa napiga pasi koti langu la maabara. Nusura niliunguze.

“Umestaafu nini?”

“Shule.”

Alikuwa na wiki tisa tu darasa la kwanza!

Ngoja niwaeleze kidogo, ili muelewe kwa nini sikucheka.

Mwanangu alipofikisha umri wa kuanza shule, mimi nilikuwa chuoni, mwaka wa mwisho wa diploma. Wiki ya kuandikisha watoto ikagongana na mitihani yangu. Nilipotoka chumba cha mtihani mbio mbio hadi shuleni, nafasi zimejaa.

“Mje mwakani, mama.”

Mama mkwe wangu hakuremba maneno. “Mama kasoma, mtoto kabaki.”

Kauli hiyo ilinikaa kooni mwaka mzima. Mwanangu akaanza shule akiwa mkubwa kuliko wenzake wote. Kwenye foleni ya darasa lao, yeye ni nguzo, wengine vigingi.

Kwa hiyo aliposema kastaafu, nilijua deni la ule mtihani wangu limefika mlangoni.

“Nani kakupiga?”

“Hakuna.”

“Nani kakucheka?”

Kafunga mdomo kama bahasha.

Mara hodi. Binti wa jirani, anasoma naye, mapengo mawili mbele, kaja kumpitia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba.”

Akamgeukia mwanangu, aliyesimama pale na fulana ya ndani.

“Shikamoo Babu.”

“Marahaba,” mwanangu akajibu kwa sauti nzito, bila hata kumtazama.

Nikaganda na pasi mkononi.

“We mtoto, huyu unamwamkia kwa lipi?”

“Darasa zima tunamwamkia. Si ndiye mzee wetu?”

Jamani! Damu ilinichemka. Nikamvalisha sare kwa nguvu, nikatia cheti chake cha kuzaliwa kwenye mkoba, sisi haoo hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Kiti nilionyeshwa, sikukaa.

“Mwanangu anaitwa babu. Mhamishieni darasa la pili, leo hii.”

Mwalimu mkuu akamwita mwalimu wa darasa. Yule dada kusikia tu, akashika kichwa.

“Mama, ukimtoa huyu, na mimi nahama naye. Nina watoto hamsini na wawili. Yeye ndiye anawafunga kamba za viatu, anawafungulia chupa za maji, anapanga foleni ya chooni. Wiki iliyopita wawili waligombania rula, kawaamua, wote wakaondoka wameridhika. Mimi mwenyewe siwezi.”

“Mwalimu, mimi nilizaa mwanafunzi. Msaidizi omba ofisini.”

Mwalimu mkuu akakohoa. “Basi tumpime. Akiweza hesabu za darasa la pili, anahama.”

Akapewa maswali kumi. Nikatulia, maana mtoto namjua. Huyu anahesabu ngazi za jengo letu hadi mia moja na sita, kwenda na kurudi.

Karatasi ikarudi. Tatu jumlisha nne, kaandika hamsini. Kumi toa moja, kaandika kumi na moja.

Kumi kwa kumi, zote kakosa.

Mimi ni mtu wa maabara. Anayekosa kwa bahati mbaya hupata hata moja kwa bahati nzuri. Huyu kakosa makusudi.

Nikamtoa nje, nikachuchumaa mbele yake.

“Sema.”

Machozi hayo.

“Sitaki darasa la pili. Kule nitakuwa mdogo!”

“Si ulisema umestaafu? Hutaki kuitwa Babu?”

“Nataka!”

“Sasa unalia nini?”

Akanyoosha kidole dirishani. Ndani ya darasa lao alisimama binti mmoja mrefu, mikono kiunoni, anaamua ugomvi wa watoto wawili.

“Yule kahamia Alhamisi. Mwalimu kasoma tarehe zetu za kuzaliwa. Kanizidi siku kumi na moja.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo mimi ndiye natakiwa kumwamkia! Na ile sheria ya kuamkia wakubwa niliitunga mwenyewe!”

Nilishika ukuta. Nilicheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia akidhani nalia.

Kumbe Babu hakuonewa. Babu kapinduliwa!

Nikajifuta macho, nikamsimamisha wima.

“Sheria ni sheria. Ukiitunga, inakuhusu. Nenda.”

Akatembea hadi mlangoni kama anaenda kuchomwa sindano.

“Shikamoo Bibi,” akasema, akitazama viatu vyake.

“Marahaba,” yule binti akajibu. Akamwangalia juu hadi chini. “Mimi nafungua chupa. Kamba za viatu siziwezi, zinanishinda. Fanya wewe.”

Mwanangu akainua kichwa. Akakunja mikono ya shati, akapiga goti mbele ya mtoto wa kwanza. Kastaafu asubuhi, saa nne kasharudi kazini.

Jioni, tukiwa tunakunja nguo, nikaona nilitoe lile lililonikaa kooni.

“Mwanangu, nisamehe. Uliachwa mwaka mzima kwa sababu ya mitihani yangu.”

Akanitazama kama anayesikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

“Hilo si kosa lako, mama.”

Machozi yakaanza kunilenga. Kumbe hajamaliza.

“Kosa lako ni kunizaa umechelewa. Ungewahi wiki mbili tu! Kwani ulikuwa unasubiri nini?”

Mzazi mwenzangu, kabla hujabeba cheti kwenda kumpigania mtoto, muulize kwanza ni vita gani. Mimi mwaka mzima nilijihukumu kwa kosa asilolijua, na lile analonidai hata mkunga wangu hana majibu yake.

Mama mkwe nimemsimulia. Kasema hilo la kuchelewa kuzaa, hata yeye alishaliona.