Aliyempiga Nasoro Kisiginoni

Utotoni mwangu kulikuwa na mwezi mzima ambao kila asubuhi, kabla sijashuka kitandani, nilivishika visigino vyangu vyote viwili kuona kama vimefura.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Mtopanga, siku ambazo Mtopanga ilikuwa minazi na mihogo na nyumba chache. Shamba lilikuwa la nyanya yangu, Mwanasiti binti Athumani. Madafu yake yalikuwa yakipotea, naye akamleta mganga aweke kago. Kwa asiyejua, kago ni kinga ya shamba: kifuu kilichofungwa kitambaa chekundu na kutundikwa mnazini, pamoja na maneno ya mganga, ili mwizi apatwe. Mengine hufurisha tumbo. Lile la nyanya, alitwambia akipepeta mchele, lilikuwa la mguu.

"Halitamwangusha papo hapo," alisema. "Litamfuata. Siku moja atapigwa kisiginoni, ageuke, asimwone mtu. Na halitateguliwa mpaka akiri mwenyewe."

Mwizi wa madafu nilikuwa mimi. Niliyaangua ya minazi mifupi kwa kigoe, fimbo yenye ndoano, nikayanywa nyuma ya choo, nikazika makumbi. Kukiri kulimaanisha kiboko cha mjomba wangu Athumani, na kutokiri kulimaanisha kungoja pigo. Nilichagua kungoja. Shuleni mwalimu alituchorea ubaoni mifupa ya mguu, nasi tukaandika jina la kila mfupa bila kosa. Nikirudi nyumbani, niliipita ile minazi mbio.

Mkwezi wetu aliitwa Nasoro bin Kombo, mtu mwembamba, mwingi wa mzaha, aliyepanda minazi ya nusu ya Mtopanga. Akiwa juu alitupigia kelele: "Ondokeni hapo chini! Vichwa vyenu vikipasuka havitoi tui!"

Asubuhi moja mbuzi wake alikata kamba akaingia shambani kwetu, Nasoro akamkimbilia. Mimi nilikuwa nikipalilia mihogo, hatua chache kutoka alipopita. Nilisikia mlio mkavu, kama wa kuti lililokanyagwa. Nasoro akaanguka, akageuka upesi, uso umejaa hasira.

"Nani kanipiga?"

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Nyanya alitoka jikoni, majirani nao wakaja. Nasoro alikuwa amekaa chini ameshika kisigino.

"Wallahi, mama, sijachukua hata kidaka."

"Basi nambie aliyekupiga ni nani."

"Simjui."

"Hata mimi simwoni," nyanya akajibu, na watu wakacheka. "Kiri, Nasoro, nikutegulie. Ni madafu tu, si roho ya mtu."

"Nitakirije nisilolifanya?"

Nilisimama na jembe mkononi. Nakumbuka vizuri nilichokihisi, nami sipendi kukikumbuka: nilishusha pumzi. Kago limempata mtu, niliwaza, basi limekwisha. Kisha ikaja hofu nyingine, kwamba nikifungua kinywa litamwacha yeye linishike mimi. Nikainama nikaendelea kupalilia.

Nasoro hakukiri. Watu walisema kago halitibiwi hospitali, na mwenye kago hakulitegua, kwa hivyo mguu ukapoa wenyewe, bila nguvu. Hakuweza tena kujisukuma juu ya mnazi. Akaitwa Nasoro Kago, hata na watoto, hata na mimi. Kabla ya mwaka kwisha alihamia Mjambere na mkewe na watoto wao wawili, Mwanahamisi na Kombo, akawa anasuka makuti kwa kukaa. Visigino vyangu sikuvishika tena.

Mwaka jana, nikiwa na miaka sabini na minane, nilikuwa nasukuma geti la nyumba yangu lililokwama. Nikapigwa kisiginoni, mguu wa kulia. Sitasema nilihisi kama nimepigwa. Nilipigwa. Niligeuka. Uani alikuwako binti yangu Rukia peke yake, upande wa pili, akianika nguo.

"Nani amepita hapa?" nilimwuliza.

"Hakuna mtu, baba. Una nini?"

Nilikuwa nimekwisha kujua nina nini.

Daktari alisema kano ya kisigino imekatika. Nilivalishwa kiatu kirefu kigumu kwa wiki nyingi, kisha nikapelekwa kwenye kliniki moja ya mazoezi ya viungo huko Bombolulu. Mtaalamu alikuwa msichana wa bara, jina lake Nafula. Nilimwuliza jina la babake, akacheka, akasema Nafula latosha. Alinifundisha kuvuta utepe wa mpira kwa unyayo, kisha kuinua visigino nikiwa nimekaa, kisha nikiwa nimesimama na mikono ukutani. Yote hayo niliyafanya. Lakini siku aliyonitaka niinuke kwa mguu wa kulia pekee, jasho lilinitoka mpaka shati likaloa. Rukia, aliyenisindikiza, alidhani ni maumivu. Hayakuwa maumivu. Nilikuwa nangoja kupigwa tena.

Tulirudia wiki ya pili, na ya tatu. Kisigino hakikuondoka sakafuni.

"Babu, kano imeshika, nimeipima," Nafula alisema. "Mguu uko tayari. Wewe ndio unaugomea."

"Siugomei, mwanangu. Nauogopa."

Alivuta kiti akaketi. "Siku ile ilipokatika, uligeuka kumtafuta aliyekupiga, sivyo?"

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Karibu wote hugeuka. Kuna kijana wa mpira alikuja hapa, yeye aligeuka akamzaba kofi beki wa watu. Maskini, beki mwenyewe alikuwa hata hajafika!"

Rukia alicheka. Mimi nilishika ukuta.

"Wote?"

"Karibu wote, babu. Kano nene namna hiyo ikikatika, mtu husikia pigo kutoka nyuma. Hakuna anayepiga."

"Na isipotibiwa?"

"Atatembea. Lakini nguvu ya kujisukuma juu hana. Kupanda ndiko kunakomshinda."

Nilimwomba tuishie hapo siku ile. Alidhani amenituliza, na kwa upande wa mguu alikuwa amenituliza kweli: juma lililofuata kisigino kiliinuka, kidogo, mara tatu. Lakini kama Nasoro hakupigwa na yeyote, basi kilichomfanya mwizi pale shambani kilikuwa kunyamaza kwangu tu.

Nikauliza habari zake. Nasoro alikuwa ameshafariki zamani. Mwanahamisi yuko bado Mjambere, katika nyumba ya kupanga, orofa ya pili. Nilifanya mazoezi miezi miwili mingine kwa ajili ya ngazi zile, na nilizipanda mwenyewe, nikipumzika kila zilipokata kona.

Nilijitaja mlangoni, akanikumbuka. "Saidi wa Mwanasiti! Nawe wachechemea?"

"Nachechemea, dada. Yale madafu niliyachukua mimi."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kutangulia. Yalinipotea yote. Mwanahamisi alinitazama, akaenda kuzima jiko, akarudi.

"Babangu alijua hakuiba," alisema. "Hilo si geni kwetu. Lakini alikuwa akituuliza kila mara, mimi na Kombo: basi ni nani kanipiga? Mwisho alianza kujiuliza kama aliwahi kuchukua dafu akasahau."

Nikamweleza aliyoyasema Nafula. Nilimwonyesha kisigino changu, mahali palipokatika, naye akapagusa kwa kidole kama mtu anayepima moto wa chungu.

"Hakuna mtu?"

"Hapakuwa na mtu, Mwanahamisi."

Kisha akachukua simu, akampigia nduguye Changamwe, akaniwekea mkononi.

"Mwambie Kombo," alisema. "Hilo la mguu lianze. La madafu litafuata."

Nikamwambia Kombo, nimesimama, kwa mpangilio aliotaka dadake.

Kama makago yapo au hayapo, nimezeeka bila kulikata shauri hilo, wala sioni kama litanifaa. Najua kwamba hofu yangu ilikwisha mwaka ule ule Nasoro alipoanguka. Miaka yote iliyofuata, mpaka siku ya geti, sikuwa naogopa chochote. Kilichonifunga kinywa kilikuwa raha ya kutoulizwa.