Lenzi Fupi ya Shemeji

Dada yangu mkubwa ni mpishi wa shule, na mumewe ni fundi saa. Wameishi pamoja mpaka watoto wote wakaoa na kuolewa, wala sikuwahi kumsikia dada akimlalamikia kwa ajili ya mwanamke. Wivu ulimjia ukubwani, na iliyoleta mambo ni kamera.

Shemeji aliinunua mkononi mwa mtu, ndogo ya kuenea kiganjani, ile ya kubadilisha lenzi. Ilikuja na lenzi mbili. Ndefu inavuta vitu vya mbali; unakaa zako kwenye kigoda, unampiga picha mtu wa ng'ambo ya barabara. Fupi haivuti kitu. Ukitaka uso wa mtu, usogee mwenyewe mpaka karibu mgongane. Hayo alitueleza shemeji kwa kinywa chake, huku akizipuliza vumbi kwa kile kipira cha kupulizia saa. Angenyamaza, angekuwa salama.

Basi akawa anapiga kila kitu: birika, viatu mlangoni, nguo kwenye kamba. Siku moja akarudi na picha alizosafisha dukani, akazitandaza mezani, akaenda kuoga. Dada akazipitia huku anatabasamu, mpaka akamfikia dobi.

Dobi ni jirani yao, mjane mwenye vishimo mashavuni. Kwenye picha alikuwa anacheka, mvuke wa pasi umemzunguka, jasho la puani linaonekana tone kwa tone. Ya pili, dobi. Ya tatu, dobi. Dada akatafuta zake. Akakuta mgongo wake kwenye sinki, kisogo chake dirishani, na yeye anaanika shuka, mdogo kama sisimizi.

Roho ilimuuma. Alitaka kusali kwanza ili atulie, lakini kila akifumba macho, dobi anacheka.

Shemeji akatoka bafuni na taulo lake.

"Huyu umempiga kwa lenzi ipi?"

"Ile fupi. Umeona mwanga ulivyo..."

"Mwanga nimeuona. Kwa hiyo ulimsogelea."

"Mke wangu, yule alikuwa kazini."

"Na mimi niko wapi, harusini? Mimi unanivizia kwa mbali kama mwizi wa kuku."

Shemeji akakaa, maji yanamchuruzika. "Wewe hukai," akasema polepole. "Kila nikikusogelea na kamera, unanituma. Kalete chumvi. Nikirudi, gesi imeisha. Nikaona bora nikae mbali, walau nikupate."

Na ni kweli, dada hakai. Hata mimi nikimtembelea, kiti chake hakipati joto. Dada akavuta kigoda karibu na dirisha, akakaa, mikono mapajani.

"Haya. Kalete hiyo fupi."

"Unaona? Umeshanituma tena."

Lakini aliileta. Akasogea, akazidi kusogea. Dada anasema alisikia harufu ya sabuni, akatamani kumwambia akavae shati, akajizuia. Walibaki hivyo mpaka chungu kikaungua jikoni, na hakuna aliyeinuka.

"Na yule dobi," dada akasema bila kugeuza uso, "siku nyingine mpige kwa ile ndefu."

Picha hiyo nimeiona. Hakutabasamu, na hasira bado imo machoni, ila anamtazama mtu aliye karibu. Ameitundika sebuleni, usawa wa macho, pale dobi anaposimama akileta nguo.