Mashine ya Theluji ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu, kabla hajakubali kuwa baba mkwe wangu, alinifungulia gereji ya nyumba yake kule Observatory, Johannesburg, akanionyesha kreti ya mbao iliyojaa vumbi. Ndani mlikuwa na mashine nyekundu iliyofunguliwa vipande vipande.

"Kijana," akasema, "unaijua hii? Nataka iungwe tena."

Kijana mwenyewe nilikuwa na miaka arobaini na kitambi. Nilikuwa fundi wa kutengeneza cherehani na jenereta mtaa wa Fordsburg, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikimsubiri mzee huyu aniruhusu nilete wazee wangu kumposa binti yake. Hakukataa, hakukubali. Kila nikija alinipa chai, akanitazama. Sasa ananipa kazi! Kwetu Kondoa mchumba hupimwa kwa kazi: hupasua kuni, huezeka banda, na hata siku moja hamwambii mkwe "sijui".

"Naijua, Baba," nikasema.

Nilikuwa sijapata kuiona maishani mwangu. Ilikuwa na mdomo mpana wa bati, na ndani ya mdomo chuma kilichojiviringisha kama parafujo. Juu yake bomba lenye shingo iliyopinda, la kutemea sijui nini. Kulikuwa na magurudumu mawili, mipini, nyaya, na skrubu zilizotiwa ndani ya soksi ya mtoto. Nikaamua ni mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Kwamba mzee hakuwa na ng'ombe, na kwamba ng'ombe wa karibu kabisa na Observatory alikuwa ananing'inia buchani, hayo sikuyajali.

Jumamosi ya kwanza nilifunga mipini. Mzee alikaa mlangoni na kikombe chake. Enzi za ubaguzi wa rangi aliishi uhamishoni Tanzania miaka mingi, baadaye Canada, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu.

"Mpini huu si ndio wa kulia, Baba?" niliuliza, kama mtu anayehakikisha tu.

"Wewe unaonaje?"

"Wa kulia."

"Sawa," akasema. Nikajua ananitega.

Kulikuwa na kitabu cha maelekezo, lakini panya walikuwa wamekula Kiingereza chote wakabakiza Kifaransa. Nilikipeleka kwa jirani yangu wa kazi, fundi nguo wa Bukavu. Alisoma ukurasa mmoja, akavua miwani.

"Ndugu yangu, hii machine iko ya kutupa neige."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Theluji! Ile ya Canada. Inaikula mbele ya nyumba, inaitupa kwa pembeni." Alicheka mpaka akalalia cherehani yake. "Mu Johannesburg! Na weye ulimuambia mzee unaijua?"

Nilitaka kwenda kukiri siku ileile. Lakini nani atampa mwongo binti yake? Na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Halafu niseme wazi: nilimpenda yule mwanamke. Nilimpenda kiasi cha kumfungia baba yake mashine ya theluji katika mji ambao theluji ikidondoka kidogo, watu hutoka ofisini kuipiga picha.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya nyaya. Yule fundi alikuwa amenitafsiria: ukibana kishikio cha kushoto, magurudumu yanakwenda, cha kulia, parafujo inazunguka, ukiachia, vyote visimame. Waya uachwe umelegea kidogo. Hapo nikakipuuza kitabu. Kwa fundi wa cherehani uzi uliolegea ni aibu, nami nikazikaza nyaya zile mpaka zikalia nilipozigusa.

"Zimekaza vizuri, Baba?"

"Wewe unaonaje?"

"Zimekaza."

"Sawa."

Jumamosi ya tatu tukaijaribu. Ilikuwa Oktoba 2016, mijakaranda imemwaga maua, njia ya gari yote ya zambarau mpaka getini. Mchumba wangu alisimama kando, mikono kifuani, macho kwenye nyaya. Nilikwisha kusafisha kabureta na kutia petroli mpya. Nikavuta kamba mara nne, mashine ikanguruma. Nikabana vishikio vyote viwili.

Ilikula maua kwa pupa na kuyatema yote kwenye kiti alichokalia mzee. Mzee akawa wa zambarau toka kofia hadi viatu. Nikaachia vishikio. Haikusimama. Ilikula gazeti, ikala zulia la mlangoni, mimi nikiburutwa nyuma yake, kisha ikashika njia ya kwenye mawaridi aliyoyapanda marehemu mke wa mzee.

"Isimamishe!" mzee alipiga kelele.

"Sijui inavyosimama! Sijui, Baba! Sijapata kuiona maishani mwangu!"

"Hata mimi sijui!"

Binti yake alikuja mbio, akachomoa ufunguo. Kukawa kimya. Waridi la kwanza lilikuwa limebaki shubiri moja.

Mzee alijipangusa maua usoni. "Mama yake huyu ndiye aliyekuwa akiisukuma kule Canada," alisema. "Mimi nilikuwa na mikutano. Tulikuwa tunakomboa nchi. Kila asubuhi mlio huu uliniamsha, nikageukia upande wa pili, nikalala." Aliigusa mashine. "Nilitaka kuusikia tena."

Mchumba wangu alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alilegeza nati za nyaya kwa vidole, akaiwasha, akabana, akaachia. Ikasimama kama imeambiwa.

"Mbona hukusema kama unaijua?" nikamuuliza.

"Eish, mliniuliza? Nilikuwa namsaidia Mama. Hiyo soksi ni yangu."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale kwenye mawaridi. Nikaanza kuomba radhi. Mzee akanikatiza.

"Lete wazee wako. Nyumba hii imezoea waongo, imekaa na mimi miaka yote nikijifanya najua." Kisha akanishika mkono, akaubana. "Ila huyu akiamka asubuhi kusukuma kitu, wewe usilale."

Tulioana mwaka uliofuata. Maua ya jakaranda yakidondoka, mke wangu huitoa mashine ile saa kumi na mbili asubuhi, majirani wakatutukana, nami hutoka na blanketi mabegani nikasimama karibu naye. Sina kazi yoyote pale. Sijalala tu.