Ufuta wa mama na ufuta wa mtihani

Jamani mnaosoma ubao huu, leo ufuta wa mama umenikosesha Kiingereza!

Jumatatu ndiyo mtihani wetu wa kuingia chuo cha ualimu. Leo mwalimu katupa kifungu cha Kiingereza cha kujipima.

Mbinu yake mnaijua: soma maswali kwanza, kisha kifungu, na jibu lako litoke humo humo.

Sasa kifungu kikasema ufuta huvunwa maganda yakishapasuka.

Yakishapasuka! Mimi, mtoto wa Naipingo, kijiji cha wakulima wa ufuta!

Nikachovya kalamu kwa hasira, nikajibu: ukatwe mapema, la sivyo mbegu zote zitamwagika chini.

Mwalimu akacheka, akanitia kosa. "Hata baba yangu hukata mapema," akasema. "Lakini msahihishaji hana shamba."

Nikarudi nyumbani nimenuna, nikamsimulia mama nikijua atanitetea.

Wapi! Kanisikiliza mpaka mwisho, huku ananoa mundu.

"Jumatatu waandikie wanavyotaka, mwanangu, upate chuo."

Akanikabidhi ule mundu.

"Ila kesho Jumamosi tunakwenda shambani. Wa kwangu utaukata kabla haujapasuka."

Nyie mngemjibu nini?