Shemeji Tobiko na Masikio ya Cheki

Mimi ndiye fundi pancha namba moja Karatu. Wapo wanaobisha, waache wabishe, matairi yao yana upepo wangu. Shule niliiacha darasa la tatu, mwalimu akatoa machozi, sijui ya huzuni au ya furaha. Ila leo sijisifu mimi. Leo namsifu shemeji yangu Tobiko, kaka wa mke wangu Naisula, Mmasai wa Nainokanoka, mrefu mpaka mvua inamlowesha yeye kwanza. Mimi Mwiraqw, yeye Mmasai, halafu juu yake ushemeji: utani wetu hauna breki.

Kazi yake ni kupeleka ng'ombe za watu mnadani. Unamkabidhi dume lako, unabaki bomani unakunywa maziwa, yeye anaswaga, anauza, anarudi na hela yako yote. Risiti hakuna. Risiti ni mdomo wake. Mdomo huo ukipasuka hata kidogo, hakuna atakayempa hata mbuzi mwenye kikohozi.

Kwa sababu ya mdomo huo, wafugaji walipochanga kujenga josho la kuogeshea ng'ombe, wakamfanya mweka hazina. Wakafungua akaunti Arusha, wakapewa kitabu cha cheki. Katibu anasaini, Tobiko anabonyeza dole gumba. Dole lile lilivyo kubwa, nilimwambia siku moja litafunika na jina la benki.

Mwaka sabini na sita josho likachukuliwa na serikali ya kijiji, chama chao cha wafugaji kikaisha. Tobiko akaenda Arusha, akafunga akaunti, akarudi na hela, akagawa mbele ya watu. Akamaliza. Halafu akang'oa majani akayashika mkononi. Mmasai akishika majani anasema neno, hapo hachezi.

"Nimemaliza," akasema. "Hakuna kwato yenu hata moja iliyobaki Arusha."

Angekaa chini hapo hapo, nisingekuwa na hadithi. Lakini Moloimet, mtu wa rika lake, ulimi kama kisu cha kuchinjia, akauliza, "Tobiko, si ulituambia benki ilitukata hela ya stempu kwa kila karatasi ya kile kitabu?"

"Ndiyo. Ni ushuru wa serikali."

"Na zile karatasi ambazo hatukuziandika? Ushuru wa nini, na hazijafanya kazi?"

Tobiko akayatazama majani mkononi.

"Basi hizo ni kwato zetu, ziko Arusha. Na wewe umeshika majani."

Watu wakacheka. Lakini mzee aliyekuwa amemwahidi dume la kupeleka mnadani akakohoa, akasema, "Lile dume, ngoja kwanza." Neno dogo hilo, shemeji yangu hakulala nalo.

Akanijia gereji akiwa na kile kitabu kwapani.

"Shemeji, twende Arusha."

"Kudai hela ya stempu? Si afadhali nikupe mimi hizo senti ununue ugoro, tuyamalize?"

"Hela yako si kwato yao."

"Utalipa nauli kubwa kuliko unachodai!"

"Nauli yangu. Neno langu. Wewe njoo tu, Kiswahili changu cha ofisini kinachechemea."

Chake kinachechemea, changu kinakimbia mpaka kinaangusha watu, hilo Karatu nzima inajua. Nikakubali. Tatizo likawa nguo. Siku zile serikali ilikuwa imekataza shuka za lubega, kupanda basi nazo ni ugomvi, na ofisini ndiyo usiseme. Nikamwazima suruali yangu ya Krismasi. Ikamfika chini kidogo ya magoti. Naisula akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Kaka, umekuwa kama korongo!"

"Korongo anafika anakokwenda," Tobiko akamjibu, tukaondoka.

Benki walitupokea vizuri. Kijana wa dirishani akatazama kitabu, akasema hela ya stempu inarudishwa kweli, ila si pale, ni ofisi ya ushuru. Akatuandikia barua. Akasema, "Kabla hamjaenda, mzee, hizi cheki ziharibu. Weka alama kila moja, ijulikane haifanyi kazi tena."

Alimaanisha mstari wa kalamu. Mimi nilielewa. Ila njaa ilikuwa inaniuma, nikamwacha shemeji nje na kitabu chake, nikaenda kutafuta chapati.

Nilirudi nikamkuta amekaa chini ya ukuta, kisu mkononi, uso wa mtu aliyemaliza kazi nzuri.

"Tayari. Hata mwizi wa Nairobi hawezi kuzitumia."

Nikazitazama. Jamani! Kila cheki amekata kipande kimoja cha kona, chenye ncha mbili ndogo, ile alama ya ukoo wao wanayokata ndama sikioni. Sikio la kulia, kama kawaida yao. Na kona hiyo ya kulia ndiko stempu ilikochapwa.

"Shemeji! Umekata stempu!"

"Nimeweka alama."

"Stempu ndiyo tunayodai!"

Akazitazama tena. Mtu mrefu vile, nilimwona anakuwa mfupi mbele ya macho yangu. Akarudisha kisu alani.

Tukaingia ofisi ya ushuru hivyo hivyo. Tukamkuta dada anaitwa Antonia, mpole, miwani puani. Akasoma barua, akafungua kitabu, akavua miwani.

"Hizi zimeliwa na panya?"

"Dada, ni alama," nikasema. "Kwao kitu kikitolewa kazini au kikiingia bomani kinakatwa sikio."

Akatabasamu, lakini akarudisha kitabu. "Wazee, poleni. Kanuni inataka stempu nzima, isomeke. Nusu siwezi kulipia. Nikilipia nusu leo, kesho atakuja mwenye nusu nyingine."

Tobiko akamwuliza, "Binti, ukiletewa ndama amekatwa sikio, utasema si ndama?"

"Nitasema ni ndama, mzee. Ila hapa silipii ndama, nalipia sikio."

Nilidhani tumekwisha. Tobiko akacheka, cha ajabu. Akaingiza mkono shingoni, akatoa kopo lake la ugoro, akalifungua, akalipindua juu ya meza ya serikali.

"Masikio haya hapa."

Vipande vyote! Sikujua. Yule mtu akikata ndama masikio huwa hatupi vile vinyama, anaviweka mpaka jioni avihesabu, ajue ndama wangapi wamepata alama na nani amekimbilia kichakani. Na cheki alizifanyia hivyo hivyo. Ugoro ukaruka, Antonia akapiga chafya, karani wa meza ya pili akapiga chafya, mimi nikapiga ya kuwaitikia.

"Mungu wangu, mzee!" Antonia akafuta macho. Lakini akachukua kipande kimoja, akakisogeza kwenye cheki. Hakikukaa. Akajaribu kingine. Kikakaa, duara la stempu likafunga.

"Kila kimoja kina kwake," Tobiko akasema. "Nilikata moja moja. Ndama hawakatwi kwa mafungu."

Antonia akatazama saa ya ukutani. "Mkiviunganisha vyote vikasomeka kabla dirisha la malipo halijafungwa, nalipa. Kikikosekana kimoja, hicho silipi. Gundi hiyo hapo."

Sasa ndugu yangu, hapo ndipo walipokosea kunipa nafasi! Gundi? Mimi? Mkono huu umeziba tairi za Bedford zilizochanwa na mawe ya mlima wa Manyara, utashindwa na karatasi? Nikakunja mikono ya shati. Tobiko anatafuta mwenzake, ananipa. Mimi napaka kidogo, nabandika, nabonyeza kwa kucha. Yeye ana jicho la kumjua ndama wa nani hata kwenye ukungu. Anakitazama kipande, anasema, "Huyu wa yule," na kweli. Makarani wakaacha kazi zao wakaja kutazama. Mmoja akaanza kutushangilia kama mpira.

Kimoja kilitutoa jasho. Hakikuonekana. Tobiko akapekua meza, akapekua kopo, akatazama sakafuni. Mwisho Antonia akasema, "Mzee, samahani," akakibandua kwenye mkono wa sweta yake. Kilirukia huko wakati wa chafya.

Akakagua zote, polepole, kwenye mwanga wa dirisha. "Zinasomeka," akasema. Akagonga muhuri, pwa, pwa. Tobiko akabonyeza lile dole lake, hela ikatoka dirishani. Zilikuwa chenji tu, zinakaa kiganja kimoja. Lakini alizifunga ndani ya kitambaa, akazishika njia nzima mpaka Karatu, hata basi liliporuka mashimo ya Mto wa Mbu hakuachia, akagonga kichwa kwenye dari.

Nainokanoka watu wakakusanyika, nami nikiwemo, lazima shahidi awepo na mwenye kuongeza chumvi pia. Tobiko akafungua kitambaa mbele yao.

"Kwato zenu. Zimerudi."

Hazikugawanyika. Ukigawa, kila mtu anapata kitu kisichonunua kiberiti. Wakaamua yanunuliwe magadi ya ng'ombe, yamwagwe pale njia ya kisimani, kila ng'ombe alambe, wa mwenye wengi na wa mwenye mmoja. Na wakalamba.

Yule mzee wa "ngoja kwanza" alikuwa tayari anamwita mwanawe alete dume. Moloimet akamtangulia. Akaingia zizini, akatoka na dume la ng'ombe, jeusi, pembe hizi, akampa Tobiko fimbo yake mwenyewe.

"Mnada wa Jumamosi," akasema. "Langu litangulie."

Tobiko akaipokea fimbo, akaligusa dume mgongoni, akaanza kuliswaga, na ile suruali yangu bado hajanirudishia.