Mama Spika na Maiki Zilizogongana

Mama Spika yuko juu ya ngazi, waya ameubana kwa meno, bisibisi mkononi. Kushoto kwake ni msikiti, kulia ni kanisa. Katikati, kwenye uwanja, viti vimepangwa.

“Leo nikikoroga, sina pa kuficha uso,” ananiambia mimi mwandishi, akiutoa waya mdomoni.

Si utani. Yeye ndiye fundi wa spika wa nyumba zote mbili za ibada, na leo waumini wanakutana kuzungumza kuhusu hizo hizo spika. Kwa muda mrefu mvutano wa sauti za spika hizo umewanunisha majirani. Yeye umemtenganisha na dada yake.

Mama Spika ni Mwislamu. Dada yake mkubwa, wa baba mmoja na mama mmoja, ni Mkristo na kiongozi wa kwaya hapo kanisani. Dini haikuwahi kuwagombanisha. Sauti ndiyo iliyowagombanisha.

“Huku wananiambia ongeza kidogo, kule ongeza kidogo. Mimi naongeza! Nikaongeza mpaka vikombe vinacheza kabatini.”

Jioni moja kwaya ikashindwa kufanya mazoezi kwa sauti ya spika za msikiti. Dada akaja juu: “Wenzako umewapa sauti, sisi umetuziba mdomo!” Akaondoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwa mdogo wake.

“Naumia,” anasema Mama Spika, bila kuzunguka. “Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni.”

Kisha likatokea kosa la maiki, na hapo anacheka mpaka ngazi inatikisika nami naishika kwa mikono miwili. Alinunua maiki mpya zisizo na waya, za aina moja, kwa nyumba zote mbili. Akasahau kutenganisha masafa ya mawimbi yake. Alasiri hiyo sheikh akiwa darasani na wanafunzi wake, spika ya msikiti ikaguna kwa sauti ya padri: “Mungu wangu, magoti haya yatanipeleka wapi?”

Sheikh akaisogeza maiki yake mdomoni. “Pole, Padri. Yangu ndiyo hayasemeki. Unapaka nini?”

Upande wa pili, padri alikuwa peke yake kanisani, akipanga vitabu, maiki iko kifuani na hana habari. Sauti ikamshukia kutoka juu. “Nilidhani nimeitwa,” ananiambia. “Nikajibu, ‘Bwana, bado nina kazi!’”

Kamati zote mbili zilimwita fundi. “Nikajua kibarua kimeota nyasi.” Lakini viongozi hao wawili walikuwa wameshatembeleana, kila mmoja na dawa yake ya magoti. Wakamtetea. Mazungumzo yao ya magoti yakafika kwenye sala, kwenye vijana, na mwisho kwenye spika. Ndipo wakasema, sasa tuwaite watu wenyewe.

Sasa uwanjani watu wamejaa. Dada anashika maiki kwanza, bila kumtazama mdogo wake.

“Adhana hatuikatai. Tumeizoea tangu utotoni. Tunachotaka ni kusikia tunachoimba.”

Mwalimu wa madrasa anasimama. “Na sisi kwaya hatuichukii, dada yangu. Tatizo, watoto wangu sasa wanasoma alif, be, te kwa tuni ya wimbo wenu!”

Uwanja unaangua kicheko. Dada anajizuia, anashindwa, anacheka kuliko wote. Baada ya hapo mambo yanakwenda haraka: mazoezi ya kwaya yataanza baada ya sala ya jioni, na sauti ya spika za nje itapunguzwa pande zote. Kazi hiyo anapewa Mama Spika.

Sheikh anampa maiki aseme neno. Mama huyu, anayewawekea wenzake sauti kila siku, hajawahi kuhutubia hata kuku. Anaigonga maiki kwa kidole.

“Hallo, hallo. Moja, mbili.” Watu wanacheka. “Mnasikilizana?”

Kutoka kwenye viti vya kwaya sauti inapaa, bila maiki: “Tunasikilizana, mdogo wangu! Jioni nakuja. Bandika chai!”

Mama Spika anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Namuuliza, kama ilivyo kazi yetu waandishi, ana mipango gani ya baadaye.

“Mipango? Mwanangu, niache kwanza nikanunue sukari.”